Cheri Ndani ya Supu ya Mifupa

Vijana wa idara ya lishe waliniandalia chai ya kuniaga, wakanivisha leso, wakanipa blanketi, kisha mmoja wao akanivuta kando akaniambia, "Madam, utuandikie ya kazi. Si kama ile risala." Risala niliisikia. Ilikuwa ndefu, na ilinifanya nionekane mtu ambaye hajawahi kuchelewa kazini wala kulumbana na mtu wa stoo. Basi haya ndiyo ya kazi. Vyeo mtanisamehe nikiviruka, na mishahara nyinyi wenyewe mnaijua.

Nilianza kazi Kajiado mjini, nikamalizia Kitengela. Mimi ni Mkamba wa Makueni, na barua ya kupangiwa kituo ilipofika, mama aliniuliza kama huko Umaasaini watu wanakula mboga. Nikamjibu kwamba hawali, na ndiyo maana serikali inanipeleka mimi. Nilikuwa na cheti kipya na kichwa kikubwa, na nilidhani naenda kuwafundisha watu kula, kana kwamba walikuwa wameishi miaka yote hiyo kwa bahati tu.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya vyandarua. Nilipewa kiti, meza, mizani ya kuning'iniza watoto, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na sanduku la vyakula vya plastiki vya kufundishia. Hiyo mizani niliipenda tangu siku hiyo, maana haidanganyi wala haihitaji umeme. Sanduku ndilo lililoniaibisha. Ndani yake mlikuwa na zabibu, kabeji, mkate, yai la kukaanga na samaki mzima mwenye macho, lakini hamkuwa na maziwa. Aliyelifunga sanduku lile hakuwa amewahi kufika Kajiado.

Nilivipanga vyote mezani kwa mstari, nikaketi nyuma yake kama mwenye kibanda sokoni. Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kupimwa. Alimtazama yule samaki kwa muda, kisha akamuuliza muuguzi jambo kwa Kimaa, na muuguzi akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi alikuwa ameuliza kwa nini daktari anaweka nyoka mezani. Samaki alirudi sandukuni asubuhi ileile, na sidhani kama ametoka hadi leo.

Muuguzi aliyecheka aliitwa Sista Nashipae, na ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinifundisha chakula, yeye akanifundisha watu. Alianza nami kwa salamu. Alisema mtu ukimsalimia vibaya hatakwambia ukweli, atakuonyesha adabu tu, na adabu haiandikiwi dawa. Nikajifunza kwamba mzee akiniambia "takwenya" mimi kama mwanamke naitika "iko", na ninaitika kwa utulivu, si huku nikitafuta kalamu. Halafu akanipa jambo la pili, ambalo nimelitumia kila siku ya kazi yangu. Aliniambia nisimuulize mtu anakula nini. Ukimuuliza hivyo atakutajia chakula anachodhani unataka kukisikia, na mboga zitajaa kwenye jibu lake. Muulize jana alikula nini, halafu muulize nani alipika, kisha uongee na aliyepika.

Miaka ya Kajiado ilikuwa miaka ya watoto wembamba. Nilipima mikono mingi ya watoto, hasa wakati wa kiangazi, na wako waliopona wakarudi baadaye wakiwa wamebeba watoto wao. Nilipohamia Kitengela nikakuta kazi imegeuka. Mji ulikuwa unakua haraka, mashamba yanakatwa viwanja, ng'ombe wanavuka barabara katikati ya malori ya saruji, na kila baada ya hatua chache kuna mahali pa kuchoma nyama. Sasa waliokuja kwangu walikuwa baba za watoto. Sukari, presha, na ule ugonjwa ambao Kiswahili cha vitabuni kinauita jongo na Kitengela nzima inauita gauti.

Gauti nitaieleza kwa ufupi kwa ajili ya asiye wa idara yetu atakayesoma haya. Kuna asidi inayoitwa yuriki ambayo mwili huitengeneza, na nyingine hutokana na tunavyokula, hasa maini, figo na supu nzito ya nyama. Ikizidi kwenye damu huganda ndani ya viungo kama chembe kali, na mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu. Kidole huvimba, huwa chekundu na moto, na hata shuka likikigusa mtu hulia. Nimewaona wanaume waliowahi kukabiliana na simba wakimwomba mtoto asipite karibu na mguu wao.

Mzee Lemayian alikuja kituoni akiwa amevaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili. Alikuwa mrefu, na shuka lake lilikuwa safi na limekunjwa vizuri begani. Alikuja akishikiliwa na binti yake Naserian, msichana mchangamfu aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la keki palepale Kitengela. Mzee alinisalimia, nikaitika, tukaulizana habari za mvua na za ng'ombe mpaka zikaisha. Kisha akaniambia kilichomleta, na nilishangaa kwamba hakuanza na maumivu.

Naserian alikuwa anaolewa mwaka ule, mvua zikishapita. Siku bibi harusi anapotoka nyumbani, baba yake humbariki kwa maziwa na majani mabichi, kisha binti huondoka kwa miguu bila kugeuka nyuma. Mzee alikuwa amewabariki mabinti wa ndugu zake wengi, na kila mara alikuwa amesimama. Sasa ilikuwa zamu ya wa kwake, wa pekee, na kwa miezi kadhaa alikuwa akishindwa hata kufika zizini.

"Daktari, mimi sitaki kukimbia," alisema. "Nataka kusimama tu. Huyu akitoka kwangu, nimbariki nikiwa nimesimama. Nisiwekwe kwa kiti kama mzigo."

Naserian alikuwa akitazama dirishani. Mimi nikajikuta natafuta kitu cha kushika mezani. Baba yangu alifariki kabla sijaolewa, na ombi lile lilinigusa mahali ambapo wagonjwa hawajui kama papo.

Tabibu wetu alimpima, akampa dawa ya kutuliza, na maumivu yalipopoa akamwanzishia vidonge vya kila siku vya kuishusha ile asidi. Alimweleza mambo mawili waziwazi. La kwanza, vidonge hivyo havikatizwi hata mguu ukipona. La pili, miezi ya mwanzo kidole kinaweza kuwaka tena, na kikiwaka si kwamba dawa imeshindwa. Mimi nikafuata na chakula. Nilimuuliza jana alikula nini, akanitajia chai, maziwa, nyama ya mbuzi na supu. Nani alipika? Mama Naserian. Kwa hiyo aliyepika hakuwepo, na hilo lilinisumbua. Nilimweleza Mzee habari za maini, figo na supu ya mifupa. Alinisikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyosikiliza habari za kaunti nyingine.

Mwanzoni alikuja kliniki vizuri. Kisha akakosa, akakosa tena, na siku moja Naserian akanipigia simu akiwa kazini. Baba alikuwa amelala chini, mguu umevimba kuliko mwanzo, na hataki kuguswa. Nikauliza kama anameza vidonge. Akasema aliacha, kwa sababu sasa anatumia cheri.

Naomba niwe mkweli kwamba nilikasirika. Si kwamba nilikasirikia cheri. Nilikasirikia simu, mtandao, na kila mtu asiye na mgonjwa anayejua dawa. Nilimwambia Naserian aombe ruhusa, tukachukua bodaboda mbili kutoka lami ya Isinya kuingia ndani hadi kwao, na vumbi lote la njia hiyo lilinikuta nikipanga maneno makali ya kumwambia mzee wa watu.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Mama Naserian alitupokea mlangoni kwa furaha, mwanamke mnene wa uso wa upole aliyevaa shanga zake zote, akanivuta moja kwa moja hadi jikoni nikaone anavyomtunza mume wake. Motoni palikuwa na sufuria kubwa. Akafunua. Ilikuwa supu ya mifupa, ile nzito inayochemka tangu asubuhi, ina vipande vya gome la mti wa olkiloriti kama kawaida ya supu ya kwao, na juu yake, katikati ya mafuta, zilikuwa zinaelea cheri. Zilikuwa nyekundu sana, mviringo, zinang'aa. Supu yote ilikuwa imegeuka rangi ya waridi.

Akanipa kikombe nionje. Nilionja, maana kukataa kungeharibu mambo zaidi. Ilikuwa tamu kama soda na chungu kama gome, pamoja na mafuta ya mbuzi. Nimeonja uji wa kila aina kwenye kazi hii, na bado sijaonja kitu kingine cha namna ile.

Nikaomba kuona cheri zilikotoka. Mama akanionyesha mkebe mkubwa, na nilipousoma nikaelewa. Zilikuwa zile cheri za kupambia keki, zilizolowekwa ndani ya sharubati ya sukari na kutiwa rangi. Naserian alikuwa amesoma kwenye simu kwamba cheri husaidia watu wenye gauti, na kazini kwao kulikuwa na mkebe umejaa. Aliuomba kwa tajiri wake, akauleta nyumbani Jumapili akiwa na furaha kwamba amempata baba yake dawa.

Hilo la mkebe nililielewa. La supu sikulielewa. Nikamuuliza Mama Naserian kwa nini hakumpa Mzee azile tu mkononi. Akatazama chini, kisha akatazama upande wa chumba alikolala mumewe, akapunguza sauti.

"Mzee atakula matunda aje?" alisema. "Matunda ni ya watoto wa kuchunga. Akionekana na rika lake akitafuna matunda, si watamcheka. Lakini kama ni dawa, dawa yetu inaingia kwa supu."

Hapo hasira yangu iliisha yote. Nilikuwa nimefanya kazi na watu hawa miaka mingi na sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Matunda ya porini huliwa na watoto malishoni na wanawake wakitafuta kuni, na mzee mwenye heshima zake hapitii kwenye kichaka kuchuma. Gome na mizizi ni kitu kingine. Hivyo huchemshwa na nyama, na ndivyo wanaume wa huko walivyotunza miili yao tangu zamani. Mama Naserian alikuwa ameichukua cheri akaipa heshima ya gome ili mume wake aweze kuimeza bila aibu. Alikuwa amepika kwa upendo na kwa akili, na kila kikombe kilikuwa kinamrudisha mumewe kitandani.

Tuliketi chumbani kwa Mzee, yeye amelala na mguu juu ya mto, sisi wanawake watatu kwenye viti. Niliwaeleza bila kumkaripia mtu. Supu ya mifupa inaongeza ile asidi. Sukari nyingi ya sharubati pia inaiongeza, jambo ambalo wengi hawalijui. Na vidonge vilivyokuwa vinaishusha vilikuwa vimeachwa juu ya kabati. Nilimuuliza Mzee kwa nini aliviacha. Akasema dawa ni ya maumivu, na maumivu yalipoisha aliona si vizuri kuendelea kula dawa za watu wagonjwa. Nadhani nimelisikia jibu hilo kwa kila lugha inayosemwa kati ya Kitengela na Namanga.

Naserian alianza kulia. Alisema ni yeye aliyemwangusha baba yake, na siku zimebaki chache. Nikamwambia kitu ambacho nataka na nyinyi mkishike, kwa sababu mtaulizwa kuhusu cheri, na baada ya cheri mtaulizwa kuhusu tunda lingine litakalokuwa kwenye simu mwezi huo. Nilimwambia hakukosea kufikiria cheri. Zile za kweli, zisizo na sukari ya kuongezwa, ni tunda zuri. Ule wekundu wake wenye giza una vitu vinavyosaidia kutuliza uvimbe mwilini, na wako wataalamu waliochunguza wakaona baadhi ya wenye gauti wanaozila hushikwa mara chache zaidi. Zina vitamini C na nyuzinyuzi, na zile chachu husemekana kuwasaidia wengine kupata usingizi. Lakini bado ni tunda. Hukaa pembeni ya dawa, halichukui nafasi ya dawa. Na asiyezipata asijione ameachwa, kwa maana hazilimwi kwetu na bei yake inajua hivyo. Forosadi zinaota hadi nyuma ya nyumba yangu, zambarau na stroberi zinauzwa sokoni, na maji hayana msimu.

"Kwa hivyo nizitupe hizo?" Mama Naserian aliuliza, akimaanisha mkebe.

Nikamwambia zirudi kwenye keki, zilikozaliwa. Mzee alicheka kule kitandani, mara ya kwanza siku hiyo, kisha akasaga meno kwa sababu mguu ulitikisika.

Ikabaki kazi yenyewe, ambayo haimo kwenye sanduku la plastiki. Nilimuuliza Mzee katika supu ile ni kipi asichoweza kukiacha. Alifikiri sana. Akasema nyama anaweza kupunguza, mafuta yamwendee yeyote anayeyataka, lakini gome ni la baba yake. Mama Naserian akasema hilo halina shida, gome huchemka hata kwa maji matupu, mama mkwe wake alikuwa akilichemsha hivyo wakati hakuna mnyama wa kuchinja. Nikasema nitamuuliza tabibu kama halitagombana na vidonge, na tabibu baadaye akakubali kikombe kidogo kwa siku. Kuhusu maziwa nilikuwa na habari njema, na niliitoa taratibu kama mtu anayetoa zawadi. Maziwa si adui wa gauti. Yakiondolewa mafuta ya juu ni rafiki kabisa. Mzee aliniangalia kama aliyeniona kwa mara ya kwanza.

"Sasa unaongea," alisema.

Naserian akapangusa uso akasema kwamba kazini kwao kuna muuzaji anayeleta cheri zilizogandishwa, zisizo na sukari, za kutia ndani ya keki za bei kubwa. Angeweza kuagiza pakiti ndogo, akaiweka kwenye friza ya dukani na kuleta nyumbani kidogo kidogo. Swali likawa lilelile, Mzee atazila vipi. Tulijaribu wiki iliyofuata, mguu ukiwa umeshapoa kwa dawa. Mama Naserian aliziponda kwenye bakuli, akazimimina kwenye maziwa lala, akatikisa ndani ya kibuyu na kumimina kwenye kikombe. Maziwa yakawa mekundu yenye michirizi mizito.

Kila mtu mle ndani aliona kitu kilekile, hata mimi Mkamba. Yalifanana kabisa na maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, kile kinywaji wanachopewa wanaume waliopoteza nguvu ili wainuke tena. Mzee alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama ndani.

"Hii naweza kunywa mbele ya mtu yeyote," alisema, akainywa yote.

Tangu siku hiyo aliinywa kila asubuhi, ameketi nje mbele ya nyumba, akimeza na kidonge chake humohumo bila kujificha. Wazee wa rika lake walipopita waliona mzee anakunywa kinywaji cha wazee na hawakuwa na la kuuliza. Mmoja, nasikia, aliomba aonjeshwe, akasema ng'ombe huyo ana damu tamu.

Msidhani mambo yalienda yakipanda tu. Siku wakwe walipokuja kumalizia mazungumzo walichinjiwa, na Mzee alikaa katikati ya watu wa rika lake huku figo zikipita mbele ya pua yake. Mama Naserian alinisimulia kwamba walimtania sana. Walimuuliza kama ameokoka hadi kwenye nyama. Alichukua kipande kidogo cha paja, akaipitisha supu kwa jirani yake, akawaambia kila mtu ana kitu anachokiweka kwa ajili ya binti yake, wengine wanaweka ng'ombe, yeye anaweka supu. Hawakumtania tena.

Kisha, wiki ile ya harusi, kidole kikapata moto. Alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na sauti yake ilikuwa ndogo. Aliniambia nyumbani wamekwisha kutafuta kiti kizuri cha kumkalisha na Naserian ametandika shuka juu yake, na yeye anakitazama hicho kiti tangu asubuhi. Nilimuuliza kama ameacha kidonge. Hakuwa ameacha. Nikamkumbusha maneno ya tabibu, kwamba kidole kinaweza kuwaka bila dawa kuwa imeshindwa, na kwamba anayekimbia kituoni mapema hupona mapema. Alikuja siku hiyohiyo. Tabibu akampa dawa ya kutuliza, nami nikamwambia anywe maji mengi, apumzishe mguu, na asisimame hata kidogo mpaka siku yenyewe. Akaniuliza kama nina hakika atasimama. Nilitamani sana kusema ndiyo. Nilimwambia sina hakika, ila nina tumaini, na kwamba tumaini langu lilikuwa kubwa.

Nilialikwa. Nilivaa kitambaa cha kichwa na shanga alizonivisha Mama Naserian, ambazo zilinichoma shingo kutwa, na nikasimama nyuma pamoja na wanawake wengine. Bibi harusi alitoka ndani akiwa ameinamisha kichwa, amepambwa mpaka usingemtambua. Kile kiti kilikuwa pale mlangoni na lile shuka lake jipya. Mzee alikuwa ameketi juu yake.

Alipewa kibuyu cha maziwa na majani. Akaviweka vyote mapajani. Akavuta pumzi, akaegemea fimbo yake, na akainuka. Aliinuka polepole, hakuna aliyethubutu kumshika, hata mkewe aliyekuwa karibu alirudisha mkono wake nyuma. Akasimama wima kwa urefu wake wote. Akachovya majani kwenye maziwa, akamnyunyizia binti yake, na akambariki kwa sauti ambayo sisi wa nyuma tuliisikia kila neno, akimwombea ng'ombe, watoto, mvua, na nyumba isiyozimika moto. Watu waliitika "Enkai", yaani Mungu, kila aliposhusha sauti. Sijui kama Naserian alilia, kwa sababu kichwa chake kilikuwa chini.

Sitawaambia kwamba ni cheri. Vilikuwa vidonge, yalikuwa maji, zilikuwa figo alizoziacha zipite, na ndiyo, huenda ulikuwa pia ule wekundu ndani ya maziwa yake ya asubuhi. Katika kazi yetu ni nadra kumjua aliyesukuma gari kati ya wote waliolisukuma. Nyinyi lisukumeni tu, na msimdharau yeyote aliyeleta mkono wake, hata akija na mkebe usiofaa.

Naserian akaanza kutembea. Alifuata njia ya kwenda barabarani, bila kugeuka, jinsi wanavyofanya, na umati wote ukageukia huko, simu zimeinuliwa, akina mama wakiimba. Kila mtu alikuwa akimtazama bibi harusi akienda. Mimi nilikuwa nikitazama miguu ya baba yake, imevaa viatu vyote viwili, imesimama palepale mpaka msichana akapotea machoni, na machozi yakanitoka kabla hata ya mama yake kuanza kulia.